Mikono ya Kathini Haina Kelele

Watu wa Kwa Vonza wana imani moja ambayo haimo katika Biblia, ingawa wanaishika kuliko nyingi zilizomo: mfupa usipolia, mtu hajatibiwa. Unaweza kumshughulikia mgonjwa mwezi mzima, maumivu yakamtoka, akainuka asubuhi akapalilia shamba mpaka mwisho wa mstari. Lakini kama hakusikia "ka" mahali fulani mwilini mwake, atakuambia kwa heshima zote kwamba bado anangoja matibabu yaanze.

Kathini alifanya kazi katikati ya watu hawa kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuliza mfupa wa mtu hata mmoja. Si kwamba hakujua namna. Alikataa. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la nafaka la Shiko, mwanamke wa Murang'a aliyehamia huku na mumewe baada ya kugundua kwamba mahindi Ukambani huuzika vizuri kuliko yanavyoota. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja cha mbao, viti viwili na mchoro wa mifupa ya binadamu. Mlangoni kulikuwa na kibao kilichoandikwa: KATHINI, OSTEOPATHI. Neno hilo la pili liliwasumbua wengi. Mhubiri mmoja mgeni alidhani ni dhehebu, akaingia kuuliza kama wanabatiza kwa maji mengi au machache.

Kathini alimweleza, kama alivyowaeleza wote, kwamba osteopathi ni kutibu mwili kwa mikono: mifupa, viungo, misuli, na jinsi vyote hivyo vinavyoshikana. Kisha akaongeza sehemu iliyokuwa ikimharibia biashara. Kabla ya kumgusa mtu, alisema, ni lazima umuulize anaishi vipi. Na Kathini aliuliza. Kuni unabeba umbali gani? Unalala juu ya nini? Nani anachota maji? Mwanamume angemleta mkewe mwenye mgongo mbovu, na baada ya maswali matano angeanza kuhisi kwamba huo mgongo mbovu ni yeye mwenyewe. Wengi hawakurudi mara ya pili. Walisema mama yule ana mikono mizuri lakini mdomo wake unahitaji daktari.

Alizaliwa Kikima, kule milima ya Mbooni, ambako mashamba yamesimama wima hata mbuzi hupanda kwa tahadhari. Watu wa kule huanguka sana, na kwa hiyo nyanya yake Kathini hakukosa kazi. Alikuwa akiunga mifupa. Alifunga miguu iliyovunjika kwa vijiti na magome, na mjukuu wake alianza kumshikia wagonjwa wanaopiga mayowe akiwa na umri wa miaka tisa. Baadaye Kathini aliolewa Kwa Vonza na fundi baiskeli, akapata kibarua cha kufagia katika zahanati moja kule Wote, ambako wataalamu kutoka ng'ambo walikuwa wakifundisha kazi hii ya mikono. Alifagia miezi minane. Mwalimu mmoja akagundua kwamba kila mwanafunzi anapogusa mahali pasipofaa, yule mama mwenye ufagio hutikisa kichwa. Akamwita, akampa bega la mtu, akasimama kando kutazama. Miaka minne baadaye Kathini alikuwa na cheti.

Nyanya alimfundisha mahali pa kugusa. Shule ilimfundisha mahali pa kutogusa, na hilo la pili ndilo lililochukua muda mrefu zaidi kumwingia.

Kelele, hata hivyo, zilikuwa na mwenyewe. Kila siku ya soko mtu mmoja anayeitwa Mwangangi alisimamisha hema la buluu karibu na uwanja wa mbuzi, akaweka kiti cha plastiki na spika kubwa. Kwa spika hiyo hiyo, miaka miwili nyuma, alikuwa akiuza sumu ya panya. Siku hizi alikuwa Daktari wa Mifupa, na shahada yake ilikuwa video za kwenye simu. Alimketisha mgonjwa, akamshika kidevu, akasogeza kipaza sauti karibu na shingo, kisha akaipindua ghafla. "Ka" ilisikika mpaka kwenye mizani ya pojo. Watu walipiga makofi. Waliotoka pale wakiwa na maumivu zaidi waliambiwa kwamba ugonjwa unatoka kwa hasira, nao walikubali, kwa sababu kila mtu alikuwa ameusikia ukitoka.

Debe tupu haliachi kuvuma. Kathini alikuwa na methali hiyo mdomoni kila wiki, na kila wiki foleni ya Mwangangi ilikuwa ndefu kuliko yake. Aliwahi kumshtaki kwa chifu. Chifu alimsikiliza vizuri sana, kisha akamwambia kwamba yeye mwenyewe alishaketi kwenye kile kiti na kiuno chake kililia mara mbili.

Ndivyo mambo yalivyokuwa asubuhi ya soko ambayo Mzee Kiema alimleta mkewe, Wayua.

Kiema alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu wa koti hata jua likiwa la utosi. Aliingia kwanza, akakiona kiti cha mgonjwa, akakikalia. Wayua alibaki amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika ukuta.

"Mwaitu," alisema Kiema, kama watu wa huku wanavyomwita mama mtu mzima, "nimekuletea huyu. Amekuwa mzembe wa mikono."

"Mzembe namna gani?"

"Anaangusha vitu. Jumapili ameangusha thamosi ya chai mbele ya askofu. Watu wameanza kusema labda kuna dhambi anaficha."

Kathini alimwomba mzee ainuke, akamketisha Wayua. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, na kwenye paji la uso wake kulikuwa na mfuo uliozama, alama ya mukwa, ule mkanda wa ngozi ambao wanawake wa Ukambani hupitisha hapo ili kubebea mzigo mgongoni. Blauzi yake ilikuwa na vifungo sita. Viwili ndivyo vilivyofungwa. Vingine vilishikizwa kwa pini.

"Vidole vinakataa," Wayua alisema kwa sauti ya chini. "Ni kama nimevaa glavu. Na miguu nayo, nikitembea naona kama ardhi iko mbali."

"Maji mnachota wapi?"

"Kwa silanga, lile bwawa la mvua," alijibu Kiema. "Karibu tu."

"Saa moja na nusu," alisema Wayua. "Kwenda."

"Na hiyo pikipiki nimeona hapo nje?"

"Hiyo ni ya kazi ya Mungu," alisema Kiema. "Mitungi itaichubua rangi."

Kathini alimwambia Wayua atembee kwa kufuatanisha kisigino na vidole kama anayepita juu ya gogo. Hatua ya tatu ikamshinda, akajishikilia kitanda. Alimgonga goti, mguu ukaruka kupita kiasi. Mwisho akaushika mkono wake ukiwa umelegea, akaupiga kidogo ukucha wa kidole cha kati, na kidole gumba kikajikunja chenyewe kana kwamba kimeitwa. Alirudia mkono wa pili. Kikajikunja vile vile.

Hapo Kathini aliuachia mkono wa yule mama polepole, akaiweka mikono yake mapajani.

"Mzee, hii si ya mikono yangu. Kuna kitu kinaubana uti wa mgongo hapa ndani ya shingo. Aende hospitali kubwa leo, apigwe picha ya ndani. Na asibebe kitu. Hata kikapu."

"Kwa hivyo umeshindwa."

"Nimeshindwa, ndiyo. Na mtu akikuambia yeye hajashindwa, mkimbie."

"Si uilize hiyo shingo kidogo tu?" Kiema alikuwa mpole sasa, kama anayeomba kuongezewa supu. "Mara moja tu. Ikikataa, twende hiyo hospitali."

"Nikiipindua hii shingo anaweza kulala na asitembee tena mpaka kaburini. Umenisikia, mzee?"

Mzee alikuwa amesikia neno moja tu, kwamba mama ameshindwa. Alivaa kofia yake, akamshukuru kwa muda wake, akamchukua mkewe. Wayua aligeuka mlangoni kutaka kusema jambo, lakini yaliyogeuka ni mabega na kiuno pamoja, kwa sababu shingo yenyewe haikumruhusu. Akamfuata mumewe.

Robo saa baadaye Kathini alikuwa akimshughulikia mwashi mmoja mwenye nyonga iliyokaza. Shiko akatokeza kichwa kwenye dirisha.

"Kathini, yule mzee wako wa kanisa ameingia kwa hema ya Mwangangi. Na mama ako kwa kiti."

Kathini alimwacha mwashi pale kitandani, amelala kifudifudi, mguu mmoja hewani. Baadaye mwashi alilalamika kwamba alingoja nusu saa akidhani ni sehemu ya matibabu.

Alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, mnene, mwenye aproni nyeupe, alikatiza katikati ya soko, akaruka mafungu ya sukuma wiki, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu alipoanza kazi hii. Aliona wazi jinsi itakavyokuwa: mikono ile inapinda, watu wanapiga makofi, na Wayua anateleza kutoka kwenye kiti kama gunia. Kisha wangesema ni mapenzi ya Mungu. Kiema mwenyewe ndiye angeongoza maombi.

Spika ilikuwa tayari inazungumza. "Wananchi, leo tuko na mama. Shingo yake imefungwa miaka mitatu. Hospitali wameshindwa, na wengine hapa hapa sokoni wameshindwa, sitaki kutaja mtu. Mtasikia wenyewe."

Wayua alikuwa ameketi, macho kwenye viatu vyake. Mkono mmoja wa Mwangangi ulikuwa kidevuni, mwingine kisogoni. Kipaza sauti kilikuwa kimefungwa kwenye kijiti, karibu na sikio. Watu walikuwa wamejaa, na Kathini alijua kwamba akipiga kelele za hatari watadhani ni wivu tu. Ushahidi alikuwa nao, cheti alikuwa nacho, na vyote viwili havikuwa na thamani pale kuliko mkungu wa ndizi. Akatafuta kitu ambacho watu wale wangekiheshimu, akakipata kwa nyanya yake.

"Mwangangi, ngoja," alisema, akipenya. "Huo mfupa ni wangu. Nimeuanza asubuhi."

"Umeuanza?"

"Nimeufungua nusu. Muulize mzee kama sikumgusa. Na mkono ulioanza mfupa ndio unaomaliza. Mkono mwingine ukiingia katikati, mfupa unaoza. Au huko kwa simu hawakukufundisha?"

Huo ulikuwa mwiko wa waunga mifupa wa zamani, na kila mtu aliyezidi miaka hamsini pale alikuwa ameusikia kwao. Mama mmoja muuza kamba alisema ni kweli kabisa. Mwingine akasema binamu yake alikatwa mguu kwa sababu hiyo. Mwangangi aliwatazama watu, akaona upepo unakovuma, akarudi nyuma hatua mbili. Alikuwa mfanyabiashara, na onyesho lilikuwa bado liko ndani ya hema lake.

Kathini alisimama nyuma ya kiti. Aliinama kwenye sikio lisilo na kipaza sauti. "Usijigeuze hata kidogo," alinong'ona. "Funga macho." Kisha akakikumbatia kile kichwa kwa viganja vyote viwili, na hakukisogeza hata unene wa unywele. Chini ya kitambaa cha kichwani cha Wayua, alikikunja kidole gumba chake mwenyewe, akakibana kwa kidole cha shahada, akakiliza.

"Ka."

Spika iliipokea, ikaikuza, ikaitupa sokoni mote. Mbuzi mmoja alikata kamba. Mtu akasema bwana asifiwe. Wayua alifungua macho, akangoja kuhisi kitu, na hakuhisi lolote. Akakitazama kidole gumba cha Kathini, kilichokuwa bado kimekunjwa kando ya shavu lake. Alikuwa ameishi na Kiema miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa mara mbili jinsi ya kumfikisha mwanamume mahali asipotaka kwenda.

"Nimefunguka," alisema kwenye kipaza sauti.

"Sasa mfupa uko wazi," alidakia Kathini kabla makofi hayajaisha. "Haushikwi na mtu, haubebeshwi kitu, haupandi pikipiki. Unapelekwa kupigwa picha leo, kabla haujajifunga vibaya. Usipopigwa picha, hii sauti yote mmesikia ni bure."

"Leo?" aliuliza Kiema.

"Leo. Shiko atawapeleka na gari la duka."

Mwangangi alichukua kipaza sauti chake, akawaambia watu kwamba hata yeye alikuwa karibu kusema hivyo.

Hospitalini walimpiga Wayua picha, na daktari mpasuaji aliyeisoma alimwita Kiema kando. Mfupa wa shingo ulikuwa umesogea, ukaubana uti kiasi kwamba palibaki nafasi ya kupita uzi. Alimwambia kuwa mshtuko mmoja tu, kuanguka au kuvutwa, ungetosha kumlaza mama huyu maisha yake yote. Kiema aliuliza kama kulia kwa mfupa kuna madhara. Daktari akamwambia aende akasaini karatasi za upasuaji.

Kathini hakufurahi. Heri nusu shari kuliko shari kamili, alijiambia, lakini hilo halikumtuliza. Miaka kumi na mmoja alikuwa amewaambia watu kwamba sauti si dawa, na sasa sauti yake ilikuwa imesikika kuliko zote zilizowahi kulia Kwa Vonza. Kesho yake alikuta watu kumi na wanne mlangoni. Wote walitaka ile "ka" ya jana. Aliwauliza wanalala juu ya nini na nani anachota maji, wakabaki watatu.

Wayua alirudi baada ya wiki tano, shingo imezungushiwa kola ngumu, vidole vimeanza kukubali vifungo. Karatasi ya daktari ilisema asibebe mzigo tena maishani. Jumapili hiyo Kiema alisimama kanisani akashuhudia jinsi shingo ya mkewe ilivyofunguliwa kwa sauti kuu mbele ya mataifa, na jinsi madaktari walivyokuja kumalizia. Kanisa lote likasema amina. Kathini alikuwa benchi la tatu, na alikasirika mpaka masikio yakamwaka moto.

Wiki hiyo hiyo Kiema alinunua punda. Wayua alikuwa ameomba punda tangu mtoto wa kwanza, na punda alikuwa daima wa mwakani, baada ya mavuno, baada ya paa la kanisa. Sasa alipatikana kwa siku nne. Kiema alimpa jina, akamwita Neema, na watu wakamwona akimsugua manyoya kwa brashi asubuhi.

Mwezi wa pili wa Neema, alasiri moja, Kiema alitokea nyuma ya duka la Shiko akimvuta punda kwa kamba fupi, hatua kwa hatua, kama anayemsindikiza mgonjwa mahututi. Mitungi minne mitupu ilining'inia ubavuni. Wayua alifuata nyuma na kola yake, mikono mitupu.

"Mwaitu, nisaidie," alisema Kiema. "Neema ana shida ya mgongo. Tangu jana hali nyasi vizuri. Ukimgusa hapa anashtuka."

Kathini alitoka nje. Chini ya matandiko palikuwa na kidonda kidogo, ukubwa wa kifungo cha koti.

"Unambebesha ngapi?"

"Minne tu. Lakini mwaitu, ile njia ni mbali. Na ni mlima. Mimi naona nimemwonea." Alilishika sikio la punda, akalipapasa. "Tafadhali usimpige wala usimpindue. Pole pole tu."

Shiko aliacha kupima maharagwe. Wayua alikuwa akitazama ukuta.

"Huyu si wa kupinduliwa," alisema Kathini. "Osha kidonda kwa maji ya chumvi, na apumzike. Wiki tatu, asibebe kitu."

"Basi apumzike," alisema Kiema papo hapo. "Mnyama naye ni kiumbe. Hawezi kufanya kazi akiumwa."

Kathini alimtazama Wayua, na Wayua hakugeuka. Pale ndipo hasira ya miaka kumi na mmoja ilipotulia ndani ya Kathini, ikawa kitu baridi na chenye manufaa.

"Na hizo wiki tatu, nani atachota maji?"

Kiema alimtazama mkewe, akaiona kola. Alimtazama punda. Alimtazama Shiko, ambaye alikuwa na mfereji wake wa maji dukani na hakuhusika.

"Mzee, vua koti," alisema Kathini.

Kiema alivua haraka, akidhani hatimaye kuna mtu amekumbuka kwamba naye ana mwili. Kathini alimgeuza, akaweka vidole gumba viwili chini ya kisogo chake, akashuka pingili moja baada ya nyingine, bila haraka, bila kumdanganya hata kidogo. Hapa panauma? Hapana. Hapa? Hapana. Na hapa chini? Hapana, mwaitu. Alifika kiunoni, akafuta mikono kwenye aproni.

"Mzee Kiema, nimegusa migongo kutoka Kikima mpaka hapa. Ya watoto, ya waendesha mikokoteni, ya wanawake wengi sana. Sijawahi kuona mgongo wa mtu wa miaka sitini ulio mzima hivi. Huu hata haujatumika."

Alifungua kamba ya mitungi, akaishusha miwili, akaiweka miguuni pa mzee. Wayua alisogea mbele, akamchukulia mumewe koti, akalikunja mara mbili juu ya mkono wake, na akamwambia kwamba maji ya kupikia yanahitajika kabla ya saa kumi na mbili.